Waliokataa Kushika Silaha, na Waliosimama Nyuma Yao

Mwezi wa Juni mwaka 1916, katika kambi ya Henriville karibu na mji wa Boulogne, pwani ya Ufaransa, askari wa Kiingereza walipangwa safu katika pande tatu za uwanja ili washuhudie hukumu ikisomwa juu ya vijana wanne ambao, tangu walipotiwa jeshini bila ya ridhaa yao, walikuwa wamekataa katakata kutii amri za kijeshi. Wa kwanza kuitwa mbele alikuwa Howard Marten, karani wa benki. Afisa akamsomea kwamba amehukumiwa kuuawa kwa kupigwa risasi, akanyamaza kidogo, akasoma kwamba hukumu hiyo imethibitishwa na Jenerali Sir Douglas Haig, akanyamaza tena, na hapo ndipo alipotamka kwamba adhabu imepunguzwa ikawa kifungo cha miaka 10 na kazi ngumu. Kwa jumla watu 35 walihukumiwa kifo kwa namna hiyo huko Ufaransa, wala hapana hata mmoja wao aliyepigwa risasi.

Kadhia hii ilianzia London. Uingereza iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914 ikiwa na jeshi la watu wa hiari, lakini vifo vilipozidi, Bunge likapitisha mwezi wa Januari 1916 sheria ya kuwaandikisha kwa lazima wanaume wasio na wake walio kati ya umri wa miaka 18 na 41, na miezi michache baadaye ikawafikia na waliooa. Wabunge wawili wa madhehebu ya Marafiki (Quakers), Edmund Harvey na Arnold Rowntree, wenye imani ile ile iliyoota mizizi kwetu Kenya, pande za Kaimosi, walijitahidi mpaka likaingizwa katika sheria hiyo fungu la kumsamehe mtu ambaye dhamiri yake inamkataza kuua. Lakini fungu la sheria ni kitu kimoja, na insafu ya wanaolitekeleza ni kitu kingine: mabaraza yaliyowekwa kusikiliza udhuru huo yalijaa wakubwa wa miji waliokuwa na ghadhabu ya vita, huku mjumbe wa jeshi naye akihudhuria, na aghalabu mwombaji alinyimwa msamaha au akapewa nusu yake. Aliyenyimwa alihesabiwa kuwa askari tangu siku hiyo, na akikataa amri, alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Waliokataa vita kwa ajili ya dhamiri walikuwa kiasi cha 16,000, na maelfu kati yao walionja gereza.

Lau wangekuwa peke yao, habari zao zingezimika ndani ya kuta za kambi. Lakini tangu mwezi wa Novemba 1914, kwa shauri la mkewe Lilla, mwandishi wa magazeti Fenner Brockway alikuwa amewakusanya wenye nia moja katika chama cha kupinga uandikishaji wa lazima, na Clifford Allen akawa mwenyekiti wake. Viongozi hao walipotiwa gerezani mmoja baada ya mwingine, kazi ikashikwa zaidi na wanawake, na hodari wao alikuwa Catherine Marshall, aliyekwisha kujifunza siasa katika harakati za wanawake kudai kura. Kila aliyekamatwa aliandikiwa kadi yake: jina, baraza lililomhukumu, kambi aliyopelekwa, gereza alilohamishiwa, na hali ya afya yake, na nakala za karatasi hizo zikafichwa mahali pengine, ili polisi wakivamia ofisi, kazi isikatike. Chama kilikuwa na watu wa kuhudhuria kesi, wa kuwazuru wafungwa, na wa kuwachangia fedha wake na watoto waliobaki bila ya mtafutaji.

Faida ya kazi hiyo ilidhihirika mwezi wa Mei 1916, pale jeshi lilipoanza kuwavusha baadhi ya wakataaji hadi Ufaransa, ambako kuasi amri kulihesabiwa kuwa ni kuasi mbele ya adui, na adhabu yake ni kifo. Tarehe 11 ya mwezi huo ujumbe wa chama, akiwamo mwanafalsafa Bertrand Russell, ulimkabili Waziri Mkuu Asquith kumweleza jambo hilo, na serikali ikaagiza kwamba asiuawe mtu bila ya idhini ya Baraza la Mawaziri. Vijana nao walitafuta njia ya kujulisha waliko. Mwalimu mmoja wa shule, Bert Brocklesby, alipewa kadi ya posta ya askari, iliyopigwa chapa sentensi za kawaida ambazo mwenye kuipeleka huruhusiwa kuzikata tu kwa kalamu, bila kuongeza neno. Naye akakata maneno, akakata na herufi, mpaka yaliyosalia yakasomeka kwamba anapelekwa, na vipande vya mwisho, vikitamkwa pamoja, vikatoa jina la Boulogne.

Waliosaidia hawakusalimika. Russell alitozwa faini ya pauni 100 kwa karatasi aliyoiandika kumtetea mfungwa mmoja, akaondolewa katika kazi yake ya kufundisha Cambridge, na mwaka 1918 akafungwa. Gazeti la chama liliharibiwa mitambo yake na polisi, likaendelea kutoka katika mtambo mdogo wa siri usiopatikana kamwe, na Joan Beauchamp, aliyekubali jina lake liandikwe kuwa mchapishaji, akaingia gerezani kwa sababu hiyo.

Sasa na tuwatazame watoro wa jeshi, ambao hawakuwa na chama nyuma yao. Askari 306 wa dola hiyo hiyo ya Uingereza walipigwa risasi katika vita hivyo kwa makosa ya kijeshi, na 266 kati yao kosa lao lilikuwa utoro. Harry Farr, aliyeshitakiwa kwa uoga, alikwisha kulazwa hospitali kwa maradhi ya akili yaliyoletwa na mizinga; alihukumiwa kwa dakika chache bila ya mtetezi, akauawa mwezi wa Oktoba 1916, na mjane wake akanyimwa pensheni. Binti yake alidai haki hadi uzeeni, na mwaka 2006 sheria ya Uingereza ikawasamehe wote hao.

Kwetu Afrika Mashariki vita hivyo viliwazoa watu kwa lazima katika kikosi cha wapagazi, ambacho jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wake. Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza alikwisha kuwahimiza wakatae kutoa vijana wao, walichomewa nyumba mwaka 1914. Wapagazi wengi walitoroka njiani, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi na njaa. Wengi wao hata majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1987 Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyataka mataifa yaitambue haki ya kukataa vita kwa dhamiri. Lakini vijana wa Henriville walikuwa na haki hiyo katika sheria ya nchi yao, na bado walisomewa kifo. Kilichowaokoa ni watu waliowajua kwa majina na wasiokubali kunyamaza. Kwa hiyo, msomaji, popote vita vinapowaka na kijana akakataa kuua, au akakimbia kwa kuwa nafsi yake imeshindwa, liandike jina lake, mzuru alikofungwa, walishe wanawe, na uwaulize wakubwa habari zake mpaka wajibu.