Kutoka Hesabu ya Mizoga hadi Alama za Mapezi: Upimaji wa Ustawi wa Samoni wa Kufugwa nchini Norwei, 1970–2024

Mwaka 1970, katika kisiwa cha Hitra kwenye pwani ya Norwei, ndugu wawili, Sivert na Ove Grøntvedt, waliwatia vifaranga 20,000 wa samoni katika vizimba vinavyoelea baharini. Kizimba kilikuwa chepesi kujengwa, na maji yake yalibadilishwa na mkondo wa bahari. Vilivyohesabiwa ni viwili tu: uzito wa samaki wakati wa kuvuna na idadi ya mizoga iliyoopolewa kutoka chini ya wavu.

Insha hii inafuatilia namna hesabu hiyo ilivyokuja kuitwa upimaji wa ustawi. Hoja yake ni kwamba kila kipimo kilibuniwa pale ambapo hasara ya mfugaji ilikuwa imekwisha kuonekana, na kwamba hisia za samaki mwenyewe ziliingizwa baadaye, tena kwa mabishano. Neno "ustawi", tulilolizoea katika "ustawi wa jamii", halina budi kutenganishwa hapa na afya au ukuaji. Samoni anaweza kunenepa na kuuzika vizuri ilhali mapezi yake yamelika hadi mashinani.

Fikra ya kupima ustawi wa mifugo haikuanzia kwa samaki. Nchini Uingereza, kitabu cha Ruth Harrison cha mwaka 1964 kuhusu ufugaji wa kiwanda kiliishtua serikali, na kamati iliyoongozwa na Brambell ikatoa ripoti mwaka uliofuata. Ripoti hiyo ilieleza kuwa ustawi hujumuisha hali ya mwili na ya akili, lakini ilihusu kuku, nguruwe na ng'ombe. Samaki walisubiri miaka 31, hadi baraza la ushauri wa ustawi wa mifugo la Uingereza lilipotoa ripoti yao wenyewe mwaka 1996.

Nchini Norwei, wakati huo, maradhi ndiyo yaliyokuwa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulizuka ugonjwa wa bakteria uliopewa jina la Hitra kwenyewe, na katika miaka ya 1980 furunkulosi iliingia pamoja na vifaranga walioagizwa kutoka Uskoti. Wafugaji walijibu kwa dawa: mwaka 1987 vilitumika viuavijasumu karibu tani 50. Chanjo za mafuta zilizodungwa tumboni zikaibadili hali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 matumizi yalikuwa chini ya tani 1 kwa mwaka, ingawa uzalishaji ulikuwa umeongezeka mara kadhaa. Ufanisi huu husimuliwa mara nyingi, na kwa haki. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mafuta yale yalisababisha viungo vya ndani kugandamana na ukuta wa tumbo. Ili kuyakadiria madhara hayo kilibuniwa kipimo cha Speilberg, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 6, kilichochapishwa mwaka 1996. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo upimaji wa ustawi wa samoni ulipoanza kwa kweli, kwa kuwa mara hii kilichopewa alama ni jeraha ambalo samaki aliishi nalo. Hata hivyo, alama hiyo ilisomwa kwa kupasua tumbo la samaki aliyekwisha kufa.

Je, samaki huumia? Mwaka 2002 James Rose alikana, akisema kuwa samaki hana tabaka la nje la ubongo ambalo kwa binadamu huhusishwa na ufahamu wa maumivu. Mwaka uliofuata Lynne Sneddon na wenzake mjini Edinburgh walionyesha kuwa kichwa cha trauti kina neva zinazopokea madhara. Trauti waliodungwa asidi ya siki midomoni walisugua midomo kwenye changarawe na kukawia kurudi kula. Mabishano hayakuisha, ila sheria haikuyasubiri. Sheria ya Norwei ya mwaka 2009 ilitamka kuwa mnyama ana thamani yake mwenyewe, mbali na manufaa yake kwa binadamu, na samaki wakiwemo.

Wasimamizi walipendelea namba moja iliyo rahisi kukagua. Kanuni za mwaka 2008 ziliweka kikomo cha kilo 25 za samaki kwa kila mita ya ujazo. Lakini utafiti wa Turnbull na wenzake huko Uskoti, uliotoka mwaka 2005, ulikuwa umekwisha kuonya kuwa msongamano peke yake hautabiri ustawi wala hautoshi kuudhibiti. Ndiyo sababu mfumo wa SWIM wa mwaka 2013 ulikusanya viashiria 17, vikiwemo oksijeni, hamu ya kula, ngozi na mapezi, na miongozo iliyofuata ikamfundisha mfanyakazi kizimbani kutoa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila jeraha.

Mtihani mkubwa ulitokana na chawa wa samoni. Ili kuwalinda samoni wa porini, sheria iliweka kikomo cha chawa jike 0.5 waliokomaa kwa kila samaki. Chawa walipozizoea dawa, wafugaji waligeukia kuwapitisha samaki katika maji ya moto. Mwaka 2019 watafiti wa Norwei waliripoti kuwa samoni walioingizwa ghafla katika maji ya nyuzi 28 na zaidi waliogelea kwa kasi, wakatikisa vichwa na kugonga kuta za tangi. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya samaki mmoja kilikuwa kimemtesa mwingine.

Alama za mapezi nazo hutolewa kwa samaki wachache wanaopatikana kwa wavu, katika kizimba kinachoruhusiwa kuwa na samaki hadi 200,000. Waliokufa jana hawamo. Kwa mujibu wa Taasisi ya Mifugo ya Norwei, mwaka 2023 samoni milioni 62.8 walikufa katika hatua ya baharini, yaani asilimia 16.7. Desemba 2024 serikali, katika waraka wake wa ustawi wa wanyama, ilitaja lengo la kushusha vifo hadi asilimia 5, na mizoga ya chini ya wavu ikarudi kuwa kipimo.