Wasichana Ambao Hawakuhesabiwa

Filamu ya Kihispania La voz dormida (2011) inatuingiza gereza la wanawake la Ventas, Madrid, baada ya vita kuisha 1939. Nilipoitazama, akili yangu ilienda Nadapal.

Ukitoka Lodwar, upite Kakuma na Lokichoggio, barabara inakufikisha huko, mpakani na Sudan Kusini. Mwaka 1992 maelfu ya watoto waliokimbia vita vya Sudan waliingilia upande huo, wakapelekwa Kakuma. Stori ya "Wavulana Waliopotea" unaijua. Wasichana je?

Kambini wavulana waliishi pamoja kwa makundi. Wasichana, kwa mila, waligawiwa familia za kuwalea. Wakapika, wakachota maji, wengine wakaozwa na mahari ikabaki kwa walezi. Marekani ilipoanza kuwachukua vijana hao, mwaka 2000, ilitafuta yatima wasio na mtu. Wavulana zaidi ya 3,000 wakapanda ndege. Wasichana? 89 tu. Ati wengine tayari walikuwa na familia!

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wakimbizi wakaanza kurudi kupitia Nadapal. Wasichana wale walishakuwa kina mama, na hakuna aliyewahi kuwauliza walitaka kwenda wapi.