Bei gong she ying

Bei gong she ying (杯弓蛇影) ni nahau ya Kichina inayomsema mtu anayejitia hofu na shaka kwa jambo lisilokuwepo. Maneno yake manne ni kikombe, upinde, nyoka na kivuli: kivuli cha upinde kilichoonekana kikombeni kikadhaniwa kuwa nyoka.

Asili

Kisa hiki kimo katika Fengsu Tongyi, kitabu cha Ying Shao, mwanachuoni wa miaka ya mwisho ya enzi ya Han ya Mashariki (25–220), kwenye sura ya mizuka na mambo ya ajabu. Babu yake, Ying Chen, mkuu wa wilaya ya Ji, alimkaribisha mvinyo karani wake mkuu, Du Xuan, siku ya mwaka ambayo mchana ni mrefu kuliko zote. Ukuta wa kaskazini ulitundikwa upinde mwekundu wa kufyatulia mishale, na kivuli chake kikaonekana kikombeni mithili ya nyoka. Du Xuan aliingiwa na hofu, lakini hakuthubutu kukataa kinywaji cha mkubwa wake. Siku hiyohiyo akashikwa na maumivu ya kifua na tumbo, akakonda, na dawa za kila namna zisimfae. Ying Chen alipokwenda kumjulia hali, akaambiwa kuwa nyoka ameingia tumboni. Aliporudi ofisini alitafakari sana, mpaka alipougeukia ule upinde. Akaagiza mgonjwa aletwe, aketishwe palepale na kumiminiwa mvinyo. Nyoka akaonekana tena. Ying Chen akamweleza chanzo chake, na Du Xuan akapona.

Jin Shu, historia ya enzi ya Jin iliyokamilishwa mwaka 648, ina kisa kama hicho. Humo mwenyeji ni Yue Guang (alifariki 304), mtawala wa Henan. Upinde ni wa pembe na umechorwa nyoka, na mgeni hatajwi jina.

Matumizi

Nahau hii huambiwa anayeona hila, maadui au maradhi kila upande, nayo hubeba lawama. Hapo inaachana na methali ya Kiswahili, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka": huyu wetu ana udhuru, kwani aliumwa kweli, ilhali Du Xuan hakuguswa na chochote.

Nahau iliyo karibu nayo ni caomu jie bing, "majani na miti yote ni askari", inayotokana na vita vya mto Fei vya mwaka 383. Hiyo husema zaidi taharuki ya aliyekwisha kutishwa na adui wa kweli.