Neno Lililotoka Vitani

Maneno ni kama majahazi: hutia nanga bandari nyingi kabla ya kufika yaliko leo, na si kila shehena iliyopakiwa mwanzo huwa ingali ngamani. Mfano mzuri ni neno la Kiingereza "discomfit". Siku hizi aghalabu humaanisha kumtia mtu fadhaa au kumtahayarisha. Mtu aulizwapo mbele ya hadhara swali asilolitazamia, maneno yakamkauka kinywani, hali hiyo ndiyo isemwayo kwa neno hilo. Lakini mwanzo wake haukuwa haya, ulikuwa damu.

Shina lake ni kitenzi cha Kilatini "conficere", yaani kuandaa kitu hata kikatimia. Kwa kutanguliziwa kiambishi cha kupindua maana, kikazaa katika Kifaransa cha kale neno "desconfire": kulivunja jeshi lililojipanga, likatawanyika. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na kufikia karne ya 13 neno hili lilikwisha kuingia katika Kiingereza, upanga wake ungali mkononi.

Upanga huo haukuwekwa chini upesi. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry IV, iliyochapwa mwaka 1598, Shakespeare alilitumia katika habari ya kushindwa kwa Douglas, mkuu wa Waskoti, katika vita vya Holmedon vya mwaka 1402. Nayo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikalitumia kwa ushindi wa Yoshua juu ya Amaleki, katika sura ya 17 ya Kutoka.

Kilicholibadili ni ujirani. Lipo neno jingine, "discomfort", lenye maana ya kukosa raha. Hilo limetokana na "fortis", neno la Kilatini la nguvu. Kwa nasaba, mawili haya si ndugu; kwa sauti, hukaribia kuwa pacha. Masikio yakayachanganya, na tangu karne ya 16 maana ya fadhaa ikaanza kujipenyeza, hata mwishowe ikaipiku ile ya vita. Wapo walimu wa lugha walioiita kosa, lakini kamusi zimekwisha kuikubali, kwani kosa lirudiwalo na umma kwa karne kadhaa hugeuka kuwa kanuni.

Ndugu zake wa kweli wako kwingine, tena patamu. Kutokana na shina lile lile la "conficere", Wafaransa walipata "confiture", jamu ya matunda, na Waitalia "confetti", peremende zilizorushwa katika sherehe kabla ya vipande vya karatasi kushika nafasi yake. Shina moja likazaa utamu na maangamizi.

Kwa msomaji wa mashairi, jambo hili si la kujifurahisha tu. Amsomaye Douglas kwa maana ya leo atamdhani mtu aliyeona haya, naye ni jemadari aliyevunjikiwa jeshi, watu wake wamelala maiti uwanjani. Hakuna herufi iliyofutwa wala mstari uliopotea. Maana tu ndiyo iliyohama, na vita vizima vimetoweka. Ndiyo sababu mashairi ya kale hayatoshi kuhifadhiwa kwa wino peke yake. Hayana budi kuhifadhiwa pamoja na maana ambazo watungaji wake walizikusudia.