Waliozuiwa na Laga

Zamani za utawala wa Waingereza, Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilipokuwa wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa na mgeni ila kwa kibali, wasafiri wa njia ya Lodwar walikuwa haba. Lakini tangu mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea vijana wa Sudani waliokuja kwa miguu, njia hiyo ya kilomita zipatazo 120 kati ya Lodwar na Kakuma imechanganya kaumu nyingi. Adui wao mmoja ni laga, mito ya mchanga iliyo mikavu karibu mwaka mzima, ambayo hufurika ghafula kwa mvua iliyonyesha milimani, ilhali mbingu ya hapo ni safi. Lori likizuiwa ukingoni, Mturkana mwenye mbuzi, tajiri wa Kisomali na mkimbizi wa Kidinka hukusanyika chini ya mkoma; huyu hutoa sufuria, yule majani ya chai, mwingine sukari. Mimi sistaajabu kwamba ukingoni hapo huzaliwa usuhuba, hata mahaba, maana dhiki huondoa haya ya ugeni. Maji yakipungua, utingo hutangulia na fimbo kupima kina, na abiria hupanda tena, wakiisha kuelezana mahali pa kutafutana Kakuma.