Nyayo za Kwato Mbili

Shuleni tulikaririshwa kwamba Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, mwaka wa 1849. Kivoi, mwenyeji wake kule Ukambani, alipewa kama sentensi moja hivi, kisha tukaendelea na mada nyingine. Hadithi hiyo ilinikera, lakini sikujua kwa nini hadi niliposoma habari za okapi.

Ukimwona okapi utadhani ni wanyama wawili walioshonwa pamoja: mwili wa hudhurungi, miguu na makalio yenye mistari kama ya punda milia, halafu ulimi mrefu wa kujilambia mpaka masikio. Kumbe ni ndugu wa twiga. Porini anapatikana Kongo pekee, na msitu wa Ituri ndio ngome yake.

Stanley alipita Ituri miaka ya 1887 hadi 1889. Baadaye aliandika, kwa kifupi tu, kwamba Wambuti wanamjua mnyama fulani kama punda na humnasa kwa mashimo. Harry Johnston, aliyekuwa akiiwakilisha Uingereza Uganda, alilikumbuka neno hilo. Mwaka wa 1900 hivi alikutana na Wambuti ambao Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua ili akawaonyeshe watu Paris. Ndiyo, watu, kama maonyesho. Johnston aliwakomboa, akawarudisha kwao, na wao ndio waliomweleza habari za okapi.

Sasa sikiza hapa. Msituni wenyeji walimwonyesha nyayo: kwato mbili, kama za ng'ombe. Johnston akakataa. Kichwani mwake alikuwa anamtafuta farasi wa msituni, na farasi ana kwato moja. Akaona wanampoteza.

Alipata vipande viwili vya ngozi yenye mistari, vilivyokuwa mikanda ya askari, akavituma London. Mapema 1901 wataalamu wakampa mnyama jina la jamii ya farasi na punda milia: Equus johnstoni. Baadaye zikafika ngozi nzima na mafuvu, na ikabidi jina libadilishwe mwaka huohuo. Hakuwa farasi. Kwato zilikuwa mbili, vilevile walivyosema wenye msitu.

Kabla hatujawacheka Wazungu, tujiangalie pia. Stanley aliwakuta Ituri watu wa misafara ya pembe za ndovu, wengine wametoka pwani yetu, wakichoma vijiji na kuteka watu. Kiswahili kinachosemwa huko leo kilifuata njia hizo za bunduki. Lugha hii ninayokuandikia ina deni kwa msitu ule.

Mwaka wa 1992 Kongo ilitenga Hifadhi ya Okapi, takriban kilomita mraba 13,700, kubwa kuliko Kaunti yote ya Kilifi. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1996, na mwaka mmoja tu baadaye ikaitaja kuwa hatarini kwa sababu ya vita. Tarehe 24 Juni 2012, waasi walioongozwa na jangili wa ndovu walivamia kituo cha Epulu, wakilipiza kisasi kwa kuzuiwa kuwinda na kuchimba dhahabu. Waliua askari wa wanyamapori na raia. Okapi wote 14 waliotunzwa pale wakafa. Mwaka uliofuata okapi akaingizwa rasmi kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka.

Wambuti bado wanaishi ndani ya hifadhi hiyo. Mipango ya kuulinda msitu ikiandikwa bila kuwasikiliza, tutakuwa tumerudia kosa la Johnston, la kuonyeshwa nyayo na kuzikataa.

Jina la kisayansi la mnyama huyu leo ni Okapia johnstoni. Nusu ya pili ni ya mgeni aliyebisha. Nusu ya kwanza imetoka midomoni mwa watu wa msitu, na hiyo ndiyo dunia nzima inamwitia.