Pikipiki ndogo za porini na njia ya Mkongo

Pikipiki ndogo ya porini ilianza kama mchezo. Mwaka 1961 Honda ilitengeneza pikipiki fupi ya cc 49 ili watoto waendeshe katika bustani ya burudani ya Tama Tech, Tokyo. Mwaka 1968 Yamaha ikaja na DT-1: nyepesi, madigadi ya mbele yameinuka juu ya tairi, shokapu ndefu, matairi ya meno. Hata asiye dereva wa mashindano akaweza kuingia porini.

Mwaka huohuo, nchini Tanzania, Mto Rufiji ulifurika vibaya. Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni na kuwapandisha miinukoni, katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zikahama, mashamba ya mpunga hayakuhama. Mkulima aliyezoea kutoka mlangoni na kuingia shambani sasa alikuwa na mwendo mrefu, au alihamia kwenye dungu msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Haja ya pikipiki kwenye njia ya kutoka Kibiti kupitia Mkongo hadi Mloka ilizaliwa hapo, kabla ya pikipiki yenyewe kufika.

Zilizotangulia vijijini, Honda XL na Yamaha DT, zilikuwa za mabwana shamba na miradi. Kijana alizitazama tu.

Mlango ulifunguliwa na Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa kwa nchi ambako matengenezo ni ya kubahatisha: valvu zake zinasukumwa kwa fito, bila cheni ndani ya injini. Viwanda vya China viliinakili, na miaka ya 2000 SanLG na wenzake wakamiminika Tanzania. Hazikuundwa kwa ajili ya porini, lakini masika udongo mweusi unaponasa tairi, anayejifunza hupata ujuzi wa klachi na mizani palepale, gunia likiwa nyuma.

Mwaka 2017, wakati wa wimbi la mauaji lililotokea Kibiti, polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea usiku Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Kwa kijiji kisicho na gari, hilo lilikuwa zuio la safari yenyewe.

Kwingine kujifunza hupangwa: huko Garuga, Uganda, watoto huanza motokrosi kwa cc 50, kisha 65, kisha 85, mashine ikilingana na mwili. Sheria ya Tanzania nayo ina leseni ya daraja A3 kwa pikipiki zisizozidi cc 50. Kijana wa Mkongo huanzia cc 125 au 150, mara nyingi akiwa na abiria. Kibiti inastahili uwanja wa kujifunzia wenye pikipiki chache nyepesi, na madereva wa njia ya Mloka wangefaa kuwa walimu wake.